Sinia ya Dresa

Tulimwita Dresa. Jina lake silitaji kwa sababu hakupenda liandikwe mahali popote ila kwenye daftari la mahudhurio, na hata humo alitia herufi mbili tu. Alikuwa mfunga vidonda wa zahanati yetu ndogo, kwenye njia ya vumbi inayochepuka kutoka barabara kuu, kusini ya mji wa Malindi. Nilifanya naye kazi miaka minne na kidogo, katika miaka ya themanini, wakati watoto wa shule walipokuwa wakipewa maziwa ya pakiti na sisi bado tukichemsha sindano za kioo kwenye jiko la mafuta ya taa. Mimi ndiye niliyekuwa na cheti cha chuo, kwa hiyo watu waliniita Daktari, cheo ambacho sikuwa nacho na sikukikataa. Yeye alikuwa na koti jeupe lililopauka, kofia ya viua yenye vitundu vya kudarizi, na penseli iliyokaa kati ya kofia na sikio.

Alikuwa pia na maumivu. Sikuambiwa, niliyaona. Alipoinama kuokota kitu, kiganja cha kushoto kilitangulia ubavuni, chini kidogo ya mbavu, kikakaa hapo mpaka ainuke. Kwa miaka yote minne nilitaka aniambie yalikuwa maumivu ya namna gani. Pale zahanati mtu mmoja tu ndiye aliyejua kuuliza swali hilo sawasawa, na mtu huyo ndiye aliyekataa kulijibu.

Mimi nilitoka bara na Kiswahili cha kutosha kununulia mboga na kupita mtihani. Mgonjwa akiingia nilimwuliza, "Inauma wapi?" Akionyesha, niliandika mahali, nikaandika maumivu, nikatoa dawa. Niliona nafanya kazi haraka na vizuri. Siku yangu ya tatu Dresa, aliyekuwa akikunja bandeji mezani pake, aliniita kwa kidole kama anayemwita mpishi.

"Daktari, huyo mama umemuuliza wapi. Hujamuuliza vipi."

"Si amesema inauma?"

"Kila aliyekuja hapa yamuuma. Asiyeumwa yuko shamba." Akamgeukia yule mama. "Mama, tumbo lakukata au lakusokota?"

Mama alifikiri kwanza, jambo ambalo hakulifanya kwa swali langu. "Lanisokota."

"Lasokota likaacha, au halina mapumziko?"

"Laacha. Kisha larudi."

"Haya," akaniambia mimi, "huyo mpe dawa ya minyoo aende zake. Lakini angesema lamkata, upande huu wa kulia, na haliachi, ungemtafutia gari sasa hivi."

Kisha alichukua kadi niliyokwisha kuiandika, akavuta penseli, akafuta maneno yangu kwa mstari mmoja na kuandika yake juu. Kadi ilikuwa ya serikali, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wake. Nilikasirika mpaka saa ya chakula. Baada ya chakula nikaingia chumbani mwangu na kuanza kuyaandika maneno yake nyuma ya kalenda.

Kwa Dresa, kuuma lilikuwa neno la kuanzia mazungumzo tu. Kichwa kiliwanga au kiligonga, na hayo mawili hayakuwa ndugu. Kidonda kilipwita kilipokuwa kikitunga usaha, kiliwasha kilipokuwa kikipona, kilichonyota kilipotiwa dawa, na mtu akikigonga kwenye kiti alikuwa amekitonesha. Kifua kilibana, au kilichoma, au kilifukuta. Koo lilikereketa. Msuli wa mguu ulivuta. Jino peke yake ndilo aliloliruhusu liume tu. "Jino lauma," alisema. "Jino halina haja ya kujieleza."

Sinia ilianza kabla sijafika. Wagonjwa wetu wengi walikuwa watu wa mashambani, na hasa bibi vizee wa Kigiriama, ambao kwao huitwa hawe. Kiswahili cha Dresa kilikuwa cha Shella ya Malindi, alikozaliwa na kuoa, na Kigiriama chake kilikuwa cha kununulia kuku. Hawe mmoja, kama alivyonieleza, alikaa mbele yake asubuhi nzima akisema neno moja, naye akijibu jingine, mpaka yule bibi akaudhika, akatoka nje, akarudi na mwiba. Akauweka mezani. Dresa alielewa papo hapo. Siku ya pili alikuja na sinia ya bati ya nyumbani kwake, ya pembe nne, nyeupe yenye ukingo wa buluu, iliyochubuka kwenye kona moja.

Juu yake alipanga vitu. Mwiba wa mdimu ulikuwa wa maumivu yanayochoma. Pilipili kavu, ya kuwasha. Kipande cha kamba ya makumbi ya nazi kilichosokotwa sana, cha tumbo la kusokota. Wembe uliokufa makali, wa kukata. Kibanio cha nguo, cha kubana. Ukanda wa mpira wa baiskeli, wa kuvuta. Kaa lililozimika, la kufukuta. Kijiwe cha mtoni, mviringo, ambacho mgonjwa alikigongagonga mezani kuonyesha mwendo wa kichwa chake. Na nusu ya ndimu, ya kuchonyota, ambayo ilibadilishwa kila asubuhi kwa sababu Dresa hakuvumilia ndimu iliyolala.

Aliisukuma sinia mbele ya mgonjwa na kusema, "Chagua kinachokutesa." Watu walichagua kwa makini zaidi kuliko wanavyochagua samaki. Niliwaona wazee wakikishika kibanio, wakakirudisha, wakauvuta mpira karibu na sikio, wakatikisa kichwa, wakarudi kwenye kibanio. Mtu akichagua viwili, Dresa aliuliza kipi kilitangulia. Akichagua vitatu, alimwambia aende akanywe maji kisimani arudi akiwa ameamua. Wengi walirudi wameamua.

Ile kona iliyochubuka haikuwekwa kitu. Mwanzoni nilidhani ni kwa sababu ya kutu. Siku moja niliuweka mkasi wangu hapo, na Dresa akauondoa bila kunitazama.

"Hapo pana wenyewe," alisema.

Wenyewe niliwajua polepole. Walikuwa wachache, labda mmoja kwa mwezi. Waligusa kila kitu kwenye sinia, wakakiinua na kukirudisha mahali pake taratibu, na mwishowe kidole kikaenda pale palipokuwa patupu, juu ya bati jeusi. Wengine walisema neno lenyewe: yatafuna. Kitu kilikuwa kikiwatafuna ndani, kwa meno madogo, bila haraka. Hapo Dresa hakuuliza tena. Alinijia chumbani akafunga mlango na kusema, "Huyu wa Mombasa," nami nikaandika barua ya hospitali kubwa. Baadhi yao walirudi kutusalimu. Wengi tulisikia habari zao kwa jamaa zao.

"Kwa nini usiweke kitu hapo?" nilimwuliza.

"Nkiweka kitu watakizoea. Watoto watakichezea. Hapo nataka pasizoeleke."

Baada ya maneno hayo alisimama, na kiganja kikaenda ubavuni. Nikamwuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa kama anayeuliza saa, "Na wewe mzee, ubavu wako wafanya nini?"

"Mzima, alhamdulillahi," akasema, akaenda kuchemsha sindano.

Nisije nikamfanya mtakatifu. Alikuwa mkali. Mtu huyu aliyetaka kila maumivu yaitwe kwa jina lake sahihi hakutaka kusikia mtu akilia. Alisafisha kidonda cha moto cha mwanamume mzima huku akimwambia, "Kelele si neno. Sema chachonyota au chachoma," na yule mtu, machozi yakimtoka, alisema chachonyota. Alikuwa bahili wa vidonge, hata vile vilivyokuwa karibu kuharibika. Alitafuna tambuu mchana kutwa na kutema wekundu wake nyuma ya tangi la maji, kisha akawahubiria kina mama usafi wa kinywa. Ijumaa baada ya swala alicheza karata na madereva kwenye kivuli cha duka la pembeni, na aliiba waziwazi; nilimwona kwa macho yangu akificha karata ya mzungu wa nne ndani ya kofia ile ile ya viua.

Na kuku hakuweza kumchinja. Dresa, aliyepasua majipu ya ukubwa wa limau kabla ya chai ya asubuhi, alimbeba kuku wake chini ya kwapa, akavuka mitaa miwili ya Shella, kwenda kuchinjiwa na jirani, na alisubiri nje akiwa amegeukia ukuta. Mkewe ndiye aliyenisimulia haya, akicheka mpaka akakaa chini. Nilitumia nafasi hiyo kumwuliza kuhusu ule ubavu. Aliacha kucheka.

"Mwanangu, mie huyu bwana nimezaa naye watoto watano. Mie nkipiga kelele za uzazi yeye yuwaniuliza yakata au yavuta. Lakini kutoka kinywani mwake mwenyewe, sijapata kusikia hata ah."

Kila Jumatano ya pili alikuja daktari Mzungu, mtu mrefu, mpole, aliyevaa viatu vya kanda na kujipaka mafuta ya jua puani. Aliuliza kwa Kiingereza, mimi nikatafsiri. Kiingereza chake kilikuwa na kitenzi kimoja cha kazi hiyo, cha kuuma na kuumiza. Alikitumia kwa jipu, kwa mguu uliovunjika na kwa tumbo la mtoto. Nilipokitafsiri, kwa haya ya kuwa mbele ya Dresa, nilijikuta nikiuliza maswali manne badala ya moja, na Mzungu akashangaa mbona Kiswahili ni kirefu hivi. Siku moja, wakati wa chai, alitusimulia kuhusu barua aliyopata kutoka kwa dada yake, yenye maneno makali juu ya baba yao, aliyefariki yeye daktari akiwa mbali. Kueleza barua ilivyomgusa, alikitumia kitenzi kile kile.

Nilimfasiria Dresa. Kikombe kilisimama njiani.

"Neno lile lile la jipu?"

"Lile lile."

"Na la moyo ni hilo hilo?"

"Hilo hilo, mzee. Wanalo moja."

Nilidhani atacheka, maana aliipenda sana nafasi ya kuwacheka wenye lugha zao, mimi nikiwa wa kwanza. Hakucheka. Alimaliza chai yake, akaenda akakunja bandeji. Baada ya siku mbili alinisimamisha mlangoni.

"Nimelifikiri lile neno la Mzungu. Si la kijinga. Huenda wao waliona ni kitu kimoja chahama tu, leo kiko gotini, kesho kiko kwengine. Mie watu wengine nimewaonea."

Wiki ile ile aliongeza kitu kwenye sinia. Kilikuwa chubwi, kile kipande cha risasi ambacho wavuvi hufunga kwenye mshipi ili uzame. Kilikuwa kidogo kuliko kidole gumba na kizito kuliko kinavyoonekana.

Nilijua alikuwa akimfikiria nani aliposema amewaonea. Kulikuwa na mwanamke mmoja aliyetoka upande wa Adu akakaa kwa dada yake jirani na zahanati. Alikuja mara sita na kifua. Nilimpima, sikuona kitu. Dresa alimpa sinia, naye akaitazama tu akasema, "Kifua." Mara ya sita Dresa alimwambia mbele za watu kwamba anapenda vidonge kama watoto wanavyopenda peremende. Mara ya saba chubwi lilikuwepo. Alikwenda nalo moja kwa moja. Alilishika kwa viganja vyote viwili, akaliweka kifuani, na hakulirudisha.

"Ni hiki," alisema. "Tangu nimzike mtoto."

Dresa hakumpa kidonge, wala hakumwomba radhi. Hilo halikuwa katika tabia yake. Alichukua ufagio, akafagia chini ya benchi la wagonjwa mahali alipokuwa ameketi, polepole, akammiminia chai ya tangawizi kutoka chupa yake mwenyewe, akamwacha akae na lile chubwi mpaka adhuhuri. Alimwambia aje kila Jumatatu. Akawa anakuja, analishika, anakwenda zake.

Sasa kosa langu. Tuliarifiwa kwamba wakubwa wangekuja kutukagua, siku ya Ijumaa. Mimi, mtu wa cheti, niliitazama zahanati kwa macho ya wakubwa, nikaona pilipili, makumbi, kaa na wembe wa kutu vimekaa mezani pa kufungia vidonda. Nikaona watadhani tunapunga pepo. Dresa alikuwa swalani. Nilivimwaga vyote shimoni, nikaiosha sinia kwa sabuni ya unga, na wakubwa walipofika ndiyo iliyobebewa soda zao. Aliyeibeba alikuwa Dresa mwenyewe. Aliingia, akaitambua, akaipokea mikononi mwangu, akazungusha soda kwa adabu zote.

Jumatatu yule mwanamke alikuja. Aliitazama sinia tupu, yenye alama za duara za chupa.

"Kiko wapi?" aliniuliza.

Nilimwambia kimepotea. Alikaa kidogo na mikono yake mapajani, haina cha kushika, kisha akainuka akaenda. Katika kazi yangu nimewahi kukosea dozi na nimewahi kukosea mshipa, lakini aibu ya asubuhi ile bado ninayo. Dresa alikuwa ameona yote. "Twende," alisema.

Tulikwenda pamoja hadi ufukweni Shella, tukawaomba wavuvi chubwi. Yaani mimi niliomba. Yeye alisimama hatua kumi nyuma, mikono mgongoni. Mvuvi mmoja aliniuliza ni dawa ya nini. Nilijieleza kwa Kiswahili changu cha bara mpaka wote wakawa wamekusanyika, na mzee mmoja akalifungua chubwi kwenye mshipi wake mwenyewe akanipa. Vile vingine vya sinia nilivirudisha mwenyewe, kimoja kimoja. Mwanamke wa Adu alirudi wiki iliyofuata. Alilipima mkononi, akasema, "Silo lile. Lakini uzani ndio ule."

Njiani kurudi kutoka ufukweni Dresa alichoka. Alisimama kwenye ukuta wa nyumba moja, kiganja ubavuni, na uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Sikuwa na sinia, wala sikuwa na haki ya kumsema siku hiyo, lakini nilimsema.

"Mzee, unavutwa au unachomwa? Niambie neno moja tu. Ukiniambia leo, kesho nakupeleka mwenyewe."

Alipumua kwanza. "Ntakwambia jambo, Daktari. Pale kwetu pana mabenchi mawili. Langu la nyuma ya meza, na lile la mbele. Mie nkikwambia neno, wewe utaliandika. Na ukishaliandika, ntakuwa nimehamia la mbele. Siku nimeshindwa kukaa la nyuma, ntakwambia."

"Itakuwa umechelewa."

"Huenda," alisema, akaanza tena kutembea.

Nilimwomba yule daktari Mzungu ajaribu. Jumatano iliyofuata alimkalisha, akamwuliza kwa kitenzi chake kimoja, nami nikatafsiri kwa vitenzi saba. Dresa alivisikiliza vyote saba kwa makini, akanisahihisha viwili, akasema ni mzima. Yule Mzungu alicheka. Mimi sikucheka.

Alistaafu wakati wa pasaka ya mwaka wangu wa tano. Hakukuwa na sherehe. Tulinywa chai, na yule mwanamke wa Adu alileta mahamri. Dresa alivua koti lake jeupe, akalikunja kama bandeji, akaliweka mezani. Sinia akanipa mimi. "Ndimu kila siku," alisema.

Niliitumia kwa kadiri nilivyoweza. Dresa mpya alikuwa kijana mzuri aliyeamini kipimajoto kuliko kitu kingine chochote, na hakunizuia. Baada ya miezi minane mke wa mzee Dresa alikuja zahanati kwa miguu kutoka kituo cha basi, saa mbili asubuhi, akiwa amejifunika leso juu ya buibui kwa ajili ya vumbi. Hakuja kutibiwa.

"Amewacha kula," alisema. "Tambuu amewacha. Jana kofia yamvuka machoni, kichwa kimekonda. Nkimwuliza, aniambia nkalale."

Nilifunga chumba changu, nikaibeba sinia na vitu vyake ndani ya leso. Njiani nilinunua ndimu.

Nyumba yao ilikuwa ya uani, kwenye kichochoro cha Shella ambamo watu wawili wakikutana mmoja hugeuka ubavu. Nilimkuta ameketi kitandani, mgongo ukutani, koti la zahanati halipo lakini penseli ipo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kituo umemwachia nani?"

Nilivuta kigoda, nikaketi mbele yake, nikafungua leso nikaiweka sinia juu ya shuka, kati yetu. Nikasema kama alivyokuwa akisema yeye, "Chagua kinachokutesa."

Aliitazama kona hadi kona.

"Mwiba umeuweka kushoto," alisema. "Hukaa kulia."

Nikauhamisha.

"Na ndimu hii ni ya leo?"

"Ya leo, mzee. Nimeikata hapo mlangoni."

Ndipo alipoanza. Aliuinua mwiba akaurudisha. Aliinua pilipili, akairudisha. Kamba ya makumbi aliishika kidogo, akaitazama jinsi ilivyosokotwa, akairudisha mahali pake taratibu. Nilikuwa nimekwisha kuwaona watu wakigusa vitu namna hiyo, na kufikia kamba nilijua. Nilitaka asiendelee. Alipita kwenye wembe, kibanio, kaa na kijiwe. Ukanda wa mpira aliuvuta mara moja, akasema, "Zamani ilikuwa hii," akauweka chini. Chubwi aliligusa kwa ncha ya kidole tu. Kisha kidole kilikwenda kwenye kona, pale palipochubuka, kikakaa juu ya bati jeusi.

Mkewe, aliyesimama mlangoni, hakujua maana ya kona ile. Alidhani bado anachagua.

"Tangu lini?" niliuliza.

"Tangu mfungo uliopita."

"Na kuvuta?"

"Kabla hujaja wewe."

Nilikasirika. Nasema wazi kwamba nilikasirika, na mbele ya mkewe, na juu ya mtu mgonjwa. Nilimwambia kwamba ilipokuwa ikivuta pangekuwa na la kufanya, kwamba alikuwa na miaka minne na mimi nikiwa mbele ya macho yake kila asubuhi, kwamba angemwona mtu mwingine akifanya hivyo angemfokea mbele za watu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kweli," alisema. "Sasa niandike."

Alipelekwa Mombasa siku ya pili yake. Walimpasua, wakamrudisha, akaishi mwaka mmoja na miezi mitatu, akala halua, akaiba karata. Mwaka huo mmoja nimeufikiria mara nyingi, na ile minne pia. Lakini asubuhi ile sikuyajua hayo. Nilitoa karatasi ya barua ya hospitali, nikaiegemeza kwenye sinia, nikafika kwenye mstari wa maelezo ya ugonjwa, ambako kwa desturi tuliandika kwa Kiingereza, kile kitenzi kimoja. Sikukiandika. Niliandika kwa Kiswahili kwamba mgonjwa ubavu ulikuwa ukimvuta kwa muda wa zaidi ya miaka minne, na kwamba sasa unamtafuna, na ambaye hataelewa amtafute wa kumweleza.

Dresa alinyoosha mkono. Nilimpa karatasi. Akaitoa penseli chini ya kofia, akasoma mara ya kwanza, akasoma mara ya pili huku ncha ya penseli ikifuata kila neno. Kisha akairudisha penseli mahali pake, akanipa karatasi yangu kama ilivyo.